Jenereta ingurume usiku kucha, au iwake saa chache betri zimalizie? Tuhesabu kwa lita

#1 Mlinzi_wa_Gridi

Wakuu salaam. Nasimamia gridi ndogo inayojitegemea, haijaunganishwa na gridi kubwa. Tuna sola, betri za lithiamu aina ya LFP zenye ukubwa wa uniti 120, na jenereta moja ya dizeli ya kilowati 50. Mchana hatuna tatizo, jua likizama betri zimejaa. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku mzigo unapanda, wastani kilowati 30. Ikifika saa 4 betri zimeshuka hadi asilimia 20, kidhibiti kinaamuru jenereta iwake. Toka hapo hadi saa 2 asubuhi mzigo ni kama kilowati 10 tu, na jenereta inaufuata hivyo hivyo, saa kumi nzima.

Fundi aliyetufungia mitambo anasema ndivyo inavyotakiwa, betri zipumzike. Mwenzangu kazini anasema tunachoma mafuta bure: jenereta iwake kwa nguvu saa chache, ijaze betri, izimwe. Wote wawili wana uzoefu kunizidi. Nyie mnaendeshaje?

#2 Dizeli_Mkongwe

Kilowati 10 kwenye mashine ya 50 ni asilimia 20. Hapo unaiua injini taratibu. Ikifanya kazi chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa na eksozi inaanza kutoa ute mweusi wenye mafuta. Niliwahi kuachiwa mashine iliyoendeshwa hivyo. Tulipoifungua, ringi za pistoni zilikuwa zimeganda na kuta za silinda zinang'aa kama kioo. Ilikuwa inakula oili kuliko kawaida na hakuna aliyejua kwa nini.

Kingine: oili hubadilishwa kwa saa za kuwaka, mara nyingi kila saa 250. Injini haijali kama ndani ya saa hizo ilibeba mzigo au la. Wewe unamaliza saa 250 ndani ya siku 25.

#3 Kalamu_na_Karatasi

Tuweke namba. Kwa jenereta ndogo za dizeli kuna kanuni inayotumika sana kukadiria: kila saa injini inakula lita 0.08 kwa kila kilowati ya ukubwa wake hata kama haina mzigo, halafu lita 0.25 kwa kila uniti inayoitoa.

Mashine ya kilowati 50 inakula lita 4 kwa saa kwa kuzunguka tu. Ikibeba kilowati 10, ongeza 2.5, jumla lita 6.5 kwa saa. Usiku wa saa kumi ni lita 65 kwa uniti 100, yaani lita 0.65 kwa uniti moja.

Sasa iendeshe kwa kilowati 40. Inakula lita 14 kwa saa, sawa na 0.35 kwa uniti. Kilowati 10 zinakwenda kwa watumiaji, 30 zinaingia betri. Tuseme safari ya kuingia na kutoka betri inarudisha asilimia 85. Ukipiga hesabu, jenereta inahitaji kuwaka saa 2 na dakika 50 hivi, betri zinamalizia hadi asubuhi. Mafuta: lita 39.4.

Kutoka 65 hadi 39.4, kila usiku. Mwenzako ana hoja nzito.

#4 Nyaya_Tatu

Kalamu, hapo nina pingamizi. Umesema uniti ni 0.35. Ikipita kwenye betri unagawanya kwa 0.85, inakuwa 0.41. Kwa hiyo umeme wa betri ni ghali kuliko wa jenereta moja kwa moja. Unajazaje betri kwa dizeli halafu uite akiba?

#5 Kalamu_na_Karatasi

@Nyaya_Tatu swali zuri, na wengi wanajikwaa hapo. Zile lita 4 za kuzunguka umeshazilipa, kwa sababu jenereta tayari imewaka kuhudumia zile kilowati 10. Uniti ya ziada unayoiongeza juu yake inakugharimu 0.25 tu. Gawa kwa 0.85, ni 0.29. Linganisha na 0.65 ambazo ungelipa kuiwasha baadaye kwa ajili ya mzigo mdogo. Wastani na nyongeza ni vitu viwili tofauti, na kidhibiti kinachochanganya hivyo viwili kitafanya uamuzi mbaya kila usiku kwa uaminifu mkubwa.

#6 Nyaya_Tatu

Nimekuelewa. Naondoa pingamizi la mafuta. Betri je?

#7 Betri_Hai

Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Hesabu ya #3 imeichukulia betri kama ndoo isiyotoboka. Kila uniti inayopita ndani yake inakula kipande cha uhai wake.

Chukua betri za mleta uzi. Uniti 120, tumia asilimia 80, mizunguko 4,000 (kushuka na kujaa tena ni mzunguko mmoja). Maisha yake yote itapitisha uniti 384,000. Geuza bei ya kununua nyingine kuwa lita za dizeli kwa bei ya kwenu. Mfano tu: kama betri mpya zina thamani ya lita 38,400, basi kila uniti inayopita ina uchakavu wa lita 0.1. Kwenye mpango wa #3 zinatoka betrini uniti kama 72 kwa usiku. Ongeza lita 7.2. Ile 39.4 inakuwa 46.6.

Bado ni chini ya 65, sikatai. Lakini pengo limepungua, na kila mtu aingize bei zake kabla ya kushangilia.

#8 Saa_Sita_Mchana

Betri_Hai nakuheshimu ila kuna kitu umekiacha. Betri hufa kwa njia mbili: kwa kutumika na kwa kuzeeka. LFP ikikaa miaka kumi na kitu kwenye chumba chenye joto inachoka hata kama hujaigusa. Mizunguko 4,000 kwa mzunguko mmoja kwa siku ni karibu miaka 11. Mizunguko ambayo hukuitumia unazikwa nayo. Kuitunza betri kwa kuchoma dizeli ni sawa na kuweka viatu kabatini hadi mguu ukue.

#9 Betri_Hai

Ungekuwa sahihi kama huo ndio mzunguko wake wa kwanza wa siku. Soma #1 tena. Jioni betri zimeshashuka kutoka kujaa hadi asilimia 20, mzunguko mmoja umekwisha. Wa usiku ni nyongeza ya robo tatu hivi. Kwa mizunguko 1.75 kwa siku, 4,000 inaisha kwa miaka 6 na ushee. Hapo matumizi yanatangulia uzee, na uchakavu una bei halisi.

Kuhusu joto la chumba nakubaliana na wewe kabisa. Feni na kivuli ni udhibiti wa gharama kama udhibiti mwingine wowote, na hakuna anayeandika programu kwa ajili ya kivuli.

#10 Dada_Inveta

Jamani mnaipigania betri na tatizo liko kwenye ukubwa wa jenereta. Kwa kanuni hiyo hiyo ya Kalamu: mashine ya kilowati 20 inakula lita 1.6 kwa kuzunguka. Ikibeba kilowati 10, ongeza 2.5, lita 4.1 kwa saa. Usiku mzima ni lita 41. Iko asilimia 50 ya uwezo, haipati masizi, na betri haijaguswa.

41 dhidi ya 46.6 ya Betri_Hai. Jenereta kubwa ilale, ndogo ifanye kazi ya usiku.

#11 Kalamu_na_Karatasi

Dada umenishinda kwa namba zangu mwenyewe. Nimejaribu kuichanganya: hiyo ndogo ikiendeshwa kwa kilowati 18 na ziada ikaingia betri, inawaka karibu saa 6 na kula lita 36. Ukiongeza uchakavu wa betri, uniti 40 kwa 0.1, unarudi 40. Tofauti na 41 yako ni ndogo mno kusumbukia. Ila saa za injini zinashuka kutoka 10 hadi 6, na Dizeli_Mkongwe atasema hilo nalo lina bei.

#12 Dizeli_Mkongwe

Lina bei. Na mafundi wa kuifungua injini hawaji siku unayowaita.

#13 Mlinzi_wa_Gridi

Nashukuru sana, sikutegemea mengi hivi. Kuhusu jenereta ndogo: ile ya 50 ilichaguliwa kwa sababu ya pampu ya maji na mota ya kusagia. Tuliambiwa mota ikianza inavuta sana.

#14 Dada_Inveta

Ni kweli, mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida yake kwa sekunde chache. Lakini sekunde chache hazinunuliwi kwa jenereta inayozunguka usiku kucha. Iwekee kianzishi laini au kiendeshi kinachopandisha kasi taratibu. Halafu jiulize, mota hiyo inasaga saa ngapi? Kama ni mchana, usiku haikuhusu kabisa.

#15 Tangi_Limejaa

Hapo umegusa ninachokiamini. Kabla ya kudhibiti jenereta, dhibiti mzigo. Maji yakiwa kwenye tangi la juu ni umeme uliohifadhiwa, na tangi halina mizunguko 4,000. Sisi pampu ilikuwa inawashwa na kielea, maji yakishuka tu inawaka hata saa 2 usiku. Tuliongeza saa ya kuizuia isiwake usiku isipokuwa tangi liko chini ya robo. Kazi ya nusu siku. Kilele cha jioni kilishuka na watu wala hawakujua kama kuna kilichobadilika.

Kisiwa cha Eigg huko Scotland wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2008 wana gridi yao ya maji, upepo na jua, na kila nyumba ina ukomo wa kilowati 10. Ukizidisha unajikata mwenyewe.

#16 Msomaji_Kimya

Sahihisho dogo, ni kilowati 5 kwa nyumba. 10 ni kwa biashara. Na umeme ukizidi wanauelekeza kwenye kupasha joto majengo ya jamii badala ya kuutupa.

#17 Tangi_Limejaa

Asante, ni 5. Inaipa hoja yangu nguvu zaidi.

#18 Sufuri_na_Moja

Naona wote mnatunga sheria za mkono: ikifika asilimia hii washa, ikifika hii zima. Sheria haijui kesho kuna mawingu. Njia iliyopo ni kidhibiti kinachotabiri. Kila robo saa kinachukua utabiri wa jua na mzigo wa saa 24 zijazo, kinatafuta mpango wenye gharama ndogo kuliko yote, kinatekeleza hatua ya kwanza tu, kisha kinaanza upya na taarifa mpya. Ndani yake unaweka yote mliyoyasema: lita za kuzunguka, uchakavu wa betri, ukomo wa asilimia 30, gharama ya kuwasha. Mjadala wenu wote unakuwa mistari ya hesabu na kompyuta inauamua.

#19 Saa_Sita_Mchana

Na utabiri ukikosea? Wingu moja likipita juu ya paneli za eneo dogo, zaidi ya nusu ya umeme wa jua inaweza kupotea ndani ya dakika moja. Robo saa yako iko mbali sana.

#20 Masafa_Hamsini

Hapa mnachanganya ngazi. Wingu la dakika moja si kazi ya kidhibiti cha Sufuri_na_Moja. Udhibiti wa gridi ndogo una ngazi tatu. Ya chini iko ndani ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri au sola uwe wa kutumika majumbani) na gavana ya jenereta (kinachoshika kasi ya injini): mzigo ukizidi, masafa, yaani mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde, yanashuka kidogo, kila chanzo kinaona na kuongeza mchango wake bila kuambiwa na mtu. Ya kati inarudisha masafa na volteji mahali pake ndani ya sekunde hadi dakika. Ya juu ndiyo inayofikiria gharama, kwa dakika na saa.

Uzuri wa ngazi ya chini ni kwamba haihitaji mawasiliano. Hata kupunguza sola betri zikijaa inawezekana kwa masafa tu: inveta ya betri inapandisha kutoka hertz 50 kuelekea 51 au 52, na inveta za sola zilizopangwa hivyo zinajipunguza zenyewe.

Nasisitiza hili kwa sababu lilinikuta. Tulikuwa na kidhibiti kikuu kizuri, kila amri inapita kwenye waya mmoja wa mtandao. Panya wakaukata. Amri ya mwisho iliyokuwa imefika ilikuwa "jenereta washa", na jenereta ikatii hadi mafuta yalipoisha alfajiri. Toka siku hiyo kila kifaa changu kina hali yake salama ya kurudi kisiposikia amri kwa dakika kadhaa.

#21 Sufuri_na_Moja

@Masafa_Hamsini nakubali, ngazi ya juu haiwezi kuwa mlinzi wa usalama. Kwa wingu unaacha akiba: hutumii betri hadi chini kabisa wakati jua ndilo linalobeba mzigo.

#22 Rejista_ya_Zamani

Sufuri, nakupa jaribio nililolifanya mimi kabla ya kununua chochote. Chukua kumbukumbu za mwaka uliopita, mzigo na jua kila robo saa. Ipe kompyuta yote kana kwamba ilijua kila kitu mapema, itafute mpango bora. Kisha endesha sheria zako za mkono kwenye takwimu zile zile. Tofauti ya lita kati ya hizo mbili ndiyo thamani ya juu kabisa ambayo utabiri wowote duniani unaweza kukupa. Utabiri halisi utakupa pungufu ya hapo.

Kwangu tofauti ilikuwa ndogo baada ya kurekebisha sheria vizuri. Kabla ya kuzirekebisha ilikuwa kubwa. Kwa hiyo nilichokuwa nakosa ni sheria nzuri, si kompyuta.

#23 Sufuri_na_Moja

Kwako una jenereta moja na betri moja. Ongeza upepo, jenereta tatu na bei inayobadilika kila saa ya kuuziana na gridi kubwa, uone kama sheria zako zitashika. Ila jaribio lenyewe ni zuri, nitalitumia.

Tahadhari kwa atakayejaribu: usisahau kuipa thamani chaji inayobaki mwisho wa saa 24. Usipoipa, kompyuta inaona kesho kutwa haipo, inamaliza betri yote ikifika ukingoni. Nilipoteza wiki nzima nikidhani programu ina hitilafu.

#24 Paneli_Kumi

Samahani naingia kwa nyuma. Kwa nini usiongeze betri na sola tu, dizeli iishe kabisa? Kisiwa cha Ta'u huko Samoa ya Marekani mwaka 2016 walifunga sola ya megawati 1.4 na betri za uniti 6,000, wanaweza kukaa siku 3 bila jua.

#25 Betri_Hai

Inawezekana, na Ta'u ni mfano mzuri. Lakini betri ya siku tatu inatumika yote mara chache sana kwa mwaka. Siku nyingine zote sehemu kubwa ya mtaji imekaa. Uniti za kwanza za betri zinazunguka kila siku na kujilipa, za mwisho zinasubiri mawingu. Kuna mahali mstari unakatika, na mara nyingi unakatika kabla ya dizeli kufika sifuri. Kama mafuta yanafika kwa boti mara chache kama kule, mstari unasogea.

#26 Jioni_Njema

Nimesoma uzi wote mara mbili na nashangaa hakuna aliyelisema hili. Mnabishana usiku wa manane na jibu liko jioni.

Mleta uzi, wewe unatumia betri saa 1 hadi saa 4, wakati mzigo ni kilowati 30, halafu unaiwasha jenereta mzigo ukiwa 10. Geuza! Jenereta ya 50 ibebe jioni: lita 4 jumlisha 7.5, ni 11.5 kwa saa, mara saa 3, lita 34.5. Iko asilimia 60, inapumua vizuri. Saa 4 unaizima, betri bado zimejaa, zinabeba kilowati 10 hadi asubuhi. Ukitoa upotevu wa inveta, uniti 96 zinakuwa kama 90, zinakufikisha saa 1 asubuhi, jua limeshachomoza.

Lita 34.5. Mzunguko mmoja wa betri kwa siku badala ya 1.75. Hakuna umeme wa dizeli unaopita betrini. Huhitaji jenereta mpya wala kompyuta, unahitaji kubadilisha namba mbili kwenye kidhibiti.

#27 Kalamu_na_Karatasi

Nimekagua. Hesabu ni sahihi. Nilikuwa nimefungwa na swali jinsi lilivyoulizwa.

#28 Saa_Sita_Mchana

Nzuri, ila angalia asubuhi. Siku ambayo usiku mzigo ni mdogo, jua linachomoza betri bado zina chaji, zinajaa mapema na sola ya mchana inatupwa. Ukiwasha dizeli jioni kwa hofu ya usiku ambao haukuja, umenunua mafuta ili umwage jua.

#29 Sufuri_na_Moja

Na hapo ndipo utabiri unaporudi. Uamuzi wa saa 1 jioni unategemea usiku na kesho ambavyo hujaviona.

#30 Rejista_ya_Zamani

Au unaangalia rejista ya wiki iliyopita saa hiyo hiyo.

#31 Dizeli_Mkongwe

Mimi nampinga Jioni_Njema kwa jambo moja. Saa 1 hadi 4 ndiyo saa mbaya zaidi jenereta ikizima ghafla. Hakikisha inveta za betri ndizo zinazoshika volteji na masafa, jenereta ijiunge chini yake. Jenereta ikifa, betri zichukue kilowati 30 bila taa kupepesa. Lijaribu kwa makusudi mchana kabla hujaliamini usiku.

#32 Masafa_Hamsini

Sahihi kabisa. Na angalia kama inveta zako zinaweza kuungana na jenereta na kuachana nayo bila kukata, si zote zinaweza.

#33 Mlinzi_wa_Gridi

Nimesoma hadi hapa. Leo nimekagua, inveta zetu ni kilowati 40 na zinajiunga na jenereta bila kukata. Nimemwonyesha fundi #26, akakaa kimya muda, kisha akauliza kelele za jenereta jioni watu wakiwa macho zitavumilika vipi kuliko usiku wakiwa wamelala. Sikuwa na jibu. Kesho mchana tutafanya jaribio la Dizeli_Mkongwe, kisha wiki moja ya jioni, nikipima tangi la mafuta kwa fimbo kila asubuhi. Nitaleta namba.

#34 Tangi_Limejaa

Pima na pampu yako inawaka saa ngapi. Hujatuambia bado.